Maharage ya Kiangazi

Watu wakisikia natoka Masisi huniuliza habari ya vitu viwili tu: bunduki na jibini. Wakijua kwamba nimeolewa Itebero, kule chini kwenye msitu wa Walikale, huongeza swali la tatu, kama ni kweli wakwe zangu wanakula nyani. Nawajibu vibaya. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari ya udongo, na udongo ndio jambo lenyewe. Bunduki huja na kwenda. Tumekimbia, tumerudi, tumekuta milango imevunjwa, tumetengeneza mingine. Hayo yameandikwa na watu waliokuja kwa ndege na kuondoka kwa ndege. Mimi naandika juu ya udongo kwa sababu ndio ulioninyang'anya mama yangu, ingawa yeye mwenyewe yu hai na anapiga kelele kama kawaida.

Kwanza mjue kilima chetu kilivyo. Chini kabisa kuna jiwe la kale, lakini si jiwe la kujivunia, maana limeoza. Unaweza kulikata kwa jembe. Juu yake kuna udongo mwekundu, na juu ya mwekundu kuna mweusi, na huo mweusi ndio tunaokula. Huko juu ya mteremko ni mwembamba, huku chini ni mnene, na sababu yake kila mtu anaiona wala hakuna anayeijali: sisi tunalima tukiwa tumeelekea mlima. Mtu anasimama chini, anainua jembe, anavuta. Kila akivuta, udongo unashuka kidogo kuja miguuni pake. Msimu wa kwanza anavuta, msimu wa pili anavuta. Babu alivuta, bibi alivuta. Halafu tunakaa mlangoni tukiota jua na kulalamika kwamba Mungu amepunguza mavuno.

Aliwahi kuja agronome wa mradi, yaani mtaalamu wa kilimo, kijana mwenye kizibao chenye mifuko mingi isiyo na kitu ndani. Alituletea kamba na pembetatu ya miti, akatufundisha kupima usawa, akatuambia tulime kwa upande, tusivute udongo chini. Wote tulitikisa vichwa kukubali. Tulikunywa Fanta zake. Mama yangu ndiye aliyemshukuru kwa maneno marefu kuliko wote, akamwombea na safari njema. Kesho yake asubuhi alisimama chini ya shamba, akaelekea mlima, akavuta.

Nilipomwuliza akanijibu bila kuinua kichwa: "Kulima kwa kando inaniumizaka mugongo. Ule mutoto hajalimaka."

Kibao cha mradi kilisimama barabarani msimu mmoja, kisha kikawa mlango wa zizi la mbuzi. Katika mradi ule wote, ndicho kitu pekee kilichowahi kuzuia chochote.

Shamba la mama liko katikati ya mteremko. Juu yake kuna malisho ya tajiri mmoja anayeishi mjini; amezungusha waya wa miiba, na ng'ombe wake wanatutazama kutoka huko juu kwa dharau, kana kwamba wamesoma. Chini yake kuna shamba la mwanamke mjane kama yeye, na chini ya shamba hilo iko nyumba ya mjane huyo. Kati ya wajane hawa wawili kuna mstari wa matete uliopandwa na bibi yangu, mama yake baba. Matete yale yamekamata udongo wote ambao ukoo wetu umeuvuta kwa miaka na miaka, mpaka pale penye mstari pamekuwa ukuta wa udongo unaopita kimo cha mtu. Ukuta ule ndio mali yetu yote. Matete yakiondoka, mama hana shamba tena, ana mteremko tu.

Sasa, kwetu kuna desturi isemayo kwamba kinachoshuka ni cha aliye chini. Mvua ikikuletea udongo wa mwenzako, ni wako, asije kuudai. Ni desturi nzuri, maana bila hiyo tungeuana kila masika. Lakini jirani wa chini aliielewa kupita kiasi. Hakungoja udongo ushuke, aliusaidia. Kila msimu kabla ya kupanda alikuja na jembe lake, akakwangua ukuta wetu kwa chini, kidogo hapa, kidogo pale, akautawanya udongo mweusi shambani mwake, na akiulizwa anasema umekuja wenyewe. Mama alimwona. Wote tulimwona. Wanawake hawa hawakuamkiana kwa miaka, isipokuwa kanisani siku ya Pasaka, pasta akiamuru watu wapeane mikono. Hapo walipeana ncha za vidole kama watu wanaoipua sufuria ya moto.

Mwamba ngoma huvutia kwake, lakini huyu alivuta mpaka akatoboa ngozi. Mwaka mmoja, nyuma ya udongo mweusi na mwekundu, jembe lake lilifunua udongo mweupe, laini kama unga wa muhogo, na ndani yake vijipande vinavyong'aa. Kwa mtu mwenye akili timamu huo ni udongo mbaya usiootesha hata magugu. Lakini sisi hatukai mbali na machimbo ya Rubaya, na tangu Rubaya ijulikane, akili timamu imeadimika kwetu kuliko chumvi wakati wa kukimbia.

Baba yangu mdogo, papa mudogo kama tunavyomwita, mdogo wake marehemu baba, alikuwa Rubaya kwa miaka. Msidhani alikuwa na shimo lake. Alikuwa mbebaji, alibeba magunia ya koltani ya watu wengine mgongoni, kutoka mashimoni hadi kwa wanunuzi, mpaka mabega yakaota sugu. Alirudi na viatu vya mpira, redio, na ujuzi wa kulamba mawe. Naam, alilamba. Aliokota kijiwe cheusi kwenye ukuta wa matete, akakilamba, akafumba macho, akatingisha kichwa kama pasta aliyeshukiwa na Roho. Akapima uzito wake kwa kiganja. Kisha akatangaza kwamba mshipa wenyewe wa koltani unapita chini ya matete, na matete lazima yang'olewe.

Alimwambia mama: "Shemeki, hii kilima iko na utajiri ndani, na weye unapandamo maharagi! Udongo iko ya baba yetu. Weye uliolewa tu hapa."

Na hapo alikuwa na haki kwa namna yake, maana kwetu mjane hulima shamba la ukoo wa mumewe, halimiliki. Alikuja pia kwa wakati wake. Ilikuwa mwisho wa mavuno ya msimu wa pili, mvua zimekatika, mama anang'oa maharage ya mwisho na kuyaanika uwanjani. Shamba lilikuwa tupu, na shamba tupu kwetu halina mdomo.

Mama akanipigia simu. Wakati huo nilikuwa Itebero nimekaa na wakwe zangu tukimenya muhogo. Itebero ni nchi nyingine kabisa. Joto, mvua kila mwezi, msitu mpaka mlangoni. Wakwe zangu ni wakulima na wawindaji, watu wa kanisa siku za Jumapili na watu wa mila siku zinazobaki. Wanakata pori, wanachoma, wanapanda muhogo na ndizi, na udongo ukichoka wanauacha wanakata pengine. Nilipomweleza mama mkwe kwamba kwetu kuna ugomvi wa ukuta wa udongo, alicheka hadi akaweka kisu chini.

"Udongo inatembeaka? Basi bakate pori ingine," akasema.

Nikamwambia kwetu pori la kukata liliisha kabla mimi sijazaliwa. Hakuniamini. Mahali ambapo ardhi ni tele, akili hulala mapema.

Binti yangu mkubwa, ambaye hajawahi kumwona bibi yake ila kwa picha ya simu, aliniuliza kama nitarudi naye. Kwetu bibi tunamwita koko. Nikamwahidi kwamba nitamleta koko aje kukaa nasi. Huo ndio ulikuwa mpango wangu halisi. Nilifikiri: papa mudogo achimbe, atoboe, alambe kilima kizima, mimi nitamchukua mama, nitampeleka mahali tambarare, atalea wajukuu wake. Nikapanda pikipiki. Barabara ile haifai jina la barabara, ni matope yanayongoja magari. Mahali pikipiki iliposhindwa nilitembea, na nilipofika juu, baridi ya kwetu ikanipokea kwa kofi la ukungu.

Nilimkuta mama anapanda maharage.

Hebu msomaji afikiri vizuri. Kilima kizima kilikuwa kinaanika maharage. Anga lilikuwa safi, upepo mkavu, hakuna mvua itakayonyesha mpaka Septemba. Na mama yangu, mwanamke aliyelima tangu akiwa mtoto, alikuwa ameinama akitia mbegu katika udongo unaokauka. Watu walisimama njiani kumtazama. Wengine walimwonea huruma kwa kufiwa na akili. Nami nilidhani hivyo hivyo, nisiwadanganye.

"Mama, hii ni kiangazi."

"Sijuake kama ni kiangazi?" akaniuliza kwa ukali. "Napanda juu ya kumuzuia asichimbe. Shamba yenye mbegu haichimbwake."

Ndipo nilipokumbuka. Kwetu hata watu wawili wakigombea shamba mpaka kutoana damu, jembe haligusi mahali penye mmea wa mwenzako. Unangoja avune kwanza, kisha mnagombana. Tumevunja kila kitu kingine katika miaka hii, tumevunja ndoa, mikataba na amri kumi, lakini hilo bado tunaliheshimu, maana kila mtu ana kitu alichopanda mahali ambapo hana hakika napo. Mama hakuwa anapanda chakula. Alikuwa anapanda marufuku.

Papa mudogo alikwenda kushtaki kwa kapita, yule kiongozi mdogo wa kimila anayeamua mambo ya mipaka kwenye kilima chetu. Kapita ni mtu wa haki sana: alikunywa pombe ya papa mudogo, akala kuku wa mama, kisha akaja shambani akajinyoosha na kusema: "Coutume, desturi ya babu zetu, iko wazi. Mbegu ikiwa na uhai, jembe inangoja. Ikikufa yote, jembe inaingia."

"Hata ikibakia moja?" mama akauliza.

"Hata moja."

Papa mudogo akacheka. Alijua, kama tulivyojua sote, kwamba jua la Julai halibakizi hata moja. Akaleta kigoda chake, akakiweka ukingoni mwa shamba, akakaa.

Nimeona wanaume wavivu wengi, na wengine nimewapikia, lakini sijawahi kuona kazi kama ile. Mwanaume mzima mwenye ndevu aliketi kila asubuhi kutazama maharage yakifa. Yalipoota alinuna. Yalipoanza kunyauka alichangamka, akawasha redio. Alikuwa akiinuka kwenda kutazama jani lililojikunja, akarudi ameridhika kama daktari. Siku moja nilimpelekea chai, maana ni baba yangu mdogo na adabu ni adabu. Akanionyesha mabega yake, akaniambia kwamba huko Rubaya hakuwahi kuwa na shimo, hata dogo. Alibeba tu ya wengine, na alitaka kabla ya kufa achimbe mahali ambapo hakuna mtu wa kumwambia ondoka. Nilimwonea huruma muda wa kikombe kimoja. Kisha nilikumbuka kwamba mahali hapo alipopataka palikuwa na mtu, na mtu huyo ni mama yangu, nikachukua kikombe changu nikaenda.

Maharage yalikufa. Yale ya juu karibu na waya wa ng'ombe yalikufa kwanza, kwa sababu huko udongo umebaki mwembamba tu. Yakafuata ya katikati. Mama aliyamwagia maji ya kuoshea vyombo, nami nilipanda na kushuka kisimani mpaka magoti yakanililia. Hayakusikia. Ila kulikuwa na kitu ambacho wala mimi, wala mama, wala papa mudogo hatukukitegemea. Kilima chetu kina ukungu. Hata katikati ya kiangazi, alfajiri ukungu hupanda kutoka bondeni, hukaa juu ya mteremko mpaka jua lishike nguvu. Matete huukamata. Majani yake marefu hulowa, na maji hudondoka tone kwa tone kwenye mizizi. Na mstari wa maharage uliokuwa karibu kabisa na matete, pale udongo ulipo mnene, haukufa. Ulikonda na kupinda, rangi ikawa ya mgonjwa wa malaria, lakini haukufa.

Kilima kizima kikahamia kwenye mstari ule. Watu wasiowahi kutusaidia hata kubeba kuni wakawa wanapita kuuliza hali ya maharage. Walikuwa wakiweka dau, wengine kwa papa mudogo, wengine kwa mama, na wale waliokuwa upande wa mama hawakuwa wakimpenda, walipenda tu kuona mkaidi akishinda. Jirani wa chini naye alikuwa upande wa papa mudogo, wazi kabisa. Alifanya hesabu yake: matete yaking'olewa, ukuta utashuka, na kinachoshuka ni cha aliye chini. Alikuwa ameshasafisha mahali pa kuupokea.

Lakini kilima cha ng'ambo, kinachotazamana na chetu, hakikuwa na mkaidi. Huko walikuwa wameng'oa matete na migomba na kutoboa mteremko kotekote, kwa ajili ya udongo mweupe kama wetu, na hawakupata kitu cha kujaza hata kikopo. Mwanzo wa Septemba mvua ya kwanza ilinyesha huko mchana kweupe. Tulikuwa tumesimama uwanjani. Tuliona mteremko ukitingishika, kisha ukaondoka. Uliondoka wote pamoja na migomba yake imesimama wima, ukashuka taratibu, ukafunika shamba la chini, ukafunika jiko la watu, ukasimama kwenye ukuta wa nyumba. Wenyewe walikuwa sokoni, ashukuriwe Mungu. Na kwa mujibu wa desturi, udongo ule sasa ulikuwa mali yao. Hakuna aliyecheka.

Jirani wa chini aliutazama muda mrefu. Kisha akageuka akatazama nyumba yake.

Siku iliyofuata mvua ikaja kwetu, nayo ilikuja na mawe. Mvua ya mawe kwetu haina adabu. Huanza bila ngurumo, na kwa muda wa kusali Baba Yetu inaweza kukata majani ya shamba zima yakabaki mashina. Papa mudogo alikuwa kwenye kigoda chake na mwavuli. Alisimama, akatazama juu, na nikaona meno yake. Alikuwa anatabasamu.

Mama alitoka nyumbani mbio na sufuria mbili. Nilifikiri anajifunika kichwa. Alipiga magoti kwenye mstari wa matete akafunika maharage kwa sufuria. Nikaelewa, nikachukua beseni, nikachukua kitunga, nikachukua hata kifuniko cha pipa. Tulifunika tulichoweza na bado mstari ulikuwa mrefu kuliko vyombo vyetu. Mama akalala kifudifudi juu ya mashina yaliyobaki, mawe yakimpiga mgongoni, akilia kwa sauti, na mimi nikimlilia yeye. Nilimchukia kila mtu katika nchi hii siku ile.

Ndipo nikamwona jirani wa chini akipanda ukuta wetu kwa mikono na miguu, beseni kubwa la kuogeshea watoto likiwa kichwani, matope mpaka kiunoni. Hakuomba ruhusa. Alilifunika juu ya mashina yaliyokuwa pembeni ya kichwa cha mama, akalikalia.

Papa mudogo akampigia kelele: "Weye mama! Si ulisema tung'oe?"

"Mimi nataka udongo," akajibu, mawe yakigonga beseni chini ya makalio yake. "Sitaki mulima."

Mvua ilipokoma tulifunua vyombo. Yaliyobaki hai yangeweza kufunikwa kwa shuka moja, lakini yalikuwa hai. Kapita akaitwa. Akayachunguza kwa fimbo yake, akakuna kichwa, akasema: "Iko hai. Jembe ingojee." Papa mudogo akachukua kigoda, akaenda. Baada ya wiki mbili alikuwa amerudi Rubaya kubeba magunia ya watu.

Hapo nikamwambia mama, haya, umeshinda, sasa twende Itebero, wajukuu wanakungoja.

"Maharagi ikikomaa," akaniambia.

Nikaona ni haki. Nikarudi kwa watoto wangu nikawaambia koko anakuja maharage yakikomaa. Walifurahi. Binti yangu mkubwa alimwambia mama mkwe, na mama mkwe akachagua mahali pa kumlaza mgeni.

Lakini mama alikuwa amefikiri mbele kuliko mimi. Maharage yakikomaa yatavunwa, na yakivunwa shamba litakuwa tupu. Kwa hiyo kabla maganda ya yale hayajakauka, alipanda mengine katikati yake. Kabla hayo hayajakauka, akapanda mengine. Tangu mwaka ule shamba lile halijawahi kuwa wazi hata siku moja. Kila kiangazi anapanda mbegu ambazo nyingi zitakufa, kwa ajili ya mstari mmoja unaoishi kwa jasho la matete. Na kila mavuno papa mudogo hupita, anasema anakuja kusalimia, lakini macho yake hayamsalimii mtu, yanatafuta udongo mtupu. Mbaya zaidi, kilima kizima kimeiga. Siku hizi kila mwenye ugomvi wa mpaka anapanda Julai. Mbegu nzuri za kula zinakufa juani juu ya mteremko wote, na sisi tunajiita wakulima.

Nikipiga simu watoto wananinyang'anya. "Koko, maharagi inakomaaka lini?" Naye huwajibu, "Karibu, batoto yangu, karibu," kwa sauti tamu ambayo mimi sijawahi kusemeshwa nayo maishani.

Kiangazi kilichopita simu ilitoka kwa jirani wa chini. Hakuwahi kunipigia kabla. Mama ameanguka kwenye njia ya kisima, mguu umevimba, hawezi kusimama. Ilikuwa wakati ule ule wa mavuno. Njia nzima, kwenye pikipiki na kwa miguu, niliona aibu kwa nilichokuwa nawaza, maana sikuwaza mguu, niliwaza shamba liko wazi.

Shamba halikuwa wazi. Lilikuwa limepandwa lote, kutoka kwenye waya mpaka kwenye matete, ovyo kabisa, mbegu tatu hapa, moja pale, bila mstari hata mmoja. Na chini ya matete jirani wa chini alikuwa ameinama na jembe lake, anakwangua ukuta wetu. Aliponiona hakuacha.

"Mupandaji ni mimi," akasema. "Mama yako asiseme sijafanya kitu."

Nilimkuta mama kitandani, mguu juu ya gunia la majani. Hata kabla ya salamu akaniuliza: "Amepanda kwa mustari?"

"Hapana. Ovyo."

"Nilijua," akasema, akafumba macho kwa raha.

Nilikaa kando yake. Nikamwambia kwa upole nilioutayarisha njia nzima kwamba sasa ana mtu wa kumshikia shamba. Mguu unataka mahali tambarare. Itebero hakuna kupanda wala kushuka. Mtoto wa mwisho anatembea tayari. Njoo hata kwa msimu mmoja, mama, yule wa chini atapanda.

Mama alicheka mpaka akakohoa.

"Yule? Mimi niende, yule abakie? Nitarudia nikute ameshakula ukuta yote!"

Nilikasirika. Nikamwambia kwamba amekuwa mtumwa wa maharage, kwamba wajukuu wake wanajua sauti yake tu, kwamba nilimwona amelala chini ya mawe ya mvua kwa ajili ya udongo ambao hata si wake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniomba nimsaidie kukaa karibu na dirisha, aone shamba, na kutoka pale akaanza kumtukana jirani juu ya jembe lake, na jirani akaanza kujibu kutoka chini, na walikuwa bado wanatukanana nilipomaliza kupika. Mguu ulipopona kidogo niliondoka. Alinifungia kibunda cha mbegu za maharage yale ya kiangazi, nikapande Itebero.

Nilizipanda nyuma ya jiko. Kule mvua hainyimi mtu, ziliota zote, zikapanda juu ya miti kwa kiburi, tukazila na wakwe zangu. Mama mkwe alizisifu. Nikampigia mama kumwambia, naye akafurahi, akasema atakuja, maharage yakikomaa. Wadogo walipiga makofi. Binti yangu mkubwa aliendelea kumenya muhogo wake. Yeye ameshaacha kuuliza yanakomaa lini.